Mzee Akihama Jimbo Huko Marekani, Bima Yake Inakwendaje?

Hotuba kwa familia zenye wazee wanaoishi Marekani

 

Wengi wetu hapa tuna mama, mjomba au dada mkubwa aliyezeekea Marekani. Na maisha ya mzee kule tunayajua. Leo yuko kwa kijana wa kwanza, mwaka ujao anahamia kwa binti. Simu inapigwa, familia inakaa kikao, tunakubaliana mama aende kwa nani. Tunaongea juu ya nauli, chumba, na nani atakuwa naye mchana. Bima ya matibabu haitajwi. Leo tuitaje.

Bima ya serikali kwa wazee kule inaitwa Medicare. Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi mwaka wa 1965, na ni ya watu wa miaka 65 na zaidi, pamoja na baadhi ya walemavu. Medicare ni ya serikali kuu. Kwa hiyo mama akitoka Minnesota kwenda Texas, hapotezi Medicare. Kadi ni ile ile, namba ni ile ile. Ni kama hapa kwetu: mtu akihama Busia kwenda Nakuru, SHA yake haibaki Busia.

Basi shida iko wapi? Shida iko kwa vitu vinavyoshikana na hiyo kadi. Tuvitazame kimoja kimoja.

Kwanza, kuna Medicare ya asili, yaani ile ya serikali yenyewe. Hii hutumika kwa daktari na hospitali yoyote ya Marekani inayoipokea. Mwenye hii hana kazi kubwa. Abadilishe anwani kwa ofisi ya Social Security na atafute daktari mpya.

Pili, kuna Medicare Advantage. Hii husimamiwa na kampuni za binafsi, na kila mpango una eneo lake, hupangwa kwa kaunti. Wazee wengi wako huku. Mama akihama nje ya eneo hilo, mpango wa zamani haumfuati. Akiugua ghafla atatibiwa, lakini kwa kliniki ya kawaida anaweza kuambiwa alipe mwenyewe.

Tatu, kuna mpango wa dawa, unaoitwa Part D. Huu nao una eneo. Mzee wa presha na sukari hawezi kucheza na huu. Akikaa siku 63 mfululizo bila bima nzuri ya dawa, anaweza kuongezewa malipo kila mwezi, na nyongeza hiyo humfuata muda wote atakaokuwa na mpango wa dawa.

Nne, kuna bima ya kujazia, Medigap, kwa wale wa Medicare ya asili. Kwa kawaida mtu hubaki nayo akihama, ingawa bei inaweza kubadilika. Asiiache haraka, kwa sababu kupata nyingine wakati ana magonjwa si rahisi.

Tano, na hapa ndipo maskini huumia, kuna Medicaid. Jina linafanana lakini si kitu kimoja. Medicaid ni msaada kwa wenye kipato kidogo na huendeshwa na kila jimbo. Haihami. Lazima mama aombe upya Texas. Hawezi kuambiwa angoje miezi eti kwa sababu ni mgeni jimboni, lakini masharti ya kipato na huduma hutofautiana. Kama kuna mtu wa kumwogesha nyumbani anayelipwa na Medicaid, ulizeni jimbo jipya kabla ya kufunga mizigo. Huduma hiyo huenda ina foleni huko.

Sasa tufanye nini? Neno ni moja: semeni mapema. Mwenye Medicare Advantage au Part D akiiarifu kampuni kabla ya kuhama, nafasi ya kuchagua mpango mpya hufunguka mwezi mmoja kabla ya mwezi wa kuhama, na huendelea miezi miwili kamili baadaye. Mama akihama Juni, ana Mei mpaka mwisho wa Agosti. Akiarifu akiwa ameshahama, nafasi huanza mwezi ule aliosema, na miezi miwili kamili baada yake. Asipochagua mpango mwingine wa Advantage, atarudishwa kwenye Medicare ya asili, na huenda akajikuta hana bima ya dawa.

Kila jimbo lina washauri wa bure wanaoitwa SHIP. Hawauzi bima. Simu ya Medicare yenyewe ni 1-800-633-4227. Na kabla ya safari, mama achukue dawa za kutosha na nakala za karatasi zake za hospitali.

Mtasema, sisi tuko huku, tutafanya nini? Mnaweza kuuliza. Kikao kijacho cha simu, kabla ya nauli, mtu mmoja aseme: "Mama, toa kadi zote za bima, utusomee moja moja." Mara nyingi watoto wa kule wana shifti mbili, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshughulikia. Hapo katikati ndipo mzee huishiwa na dawa.

Sasa tuendelee na maswali.