Diski Tatu na Madaftari Matatu

Neno letu la leo ni DISKI. Liandikeni. Diski ni chombo kilichomo ndani ya kompyuta, nacho hutunza maandishi na hesabu.

Tuseme chama cha ushirika kimeandika katika diski kilo za pamba ya kila mwanachama. Diski ikifa kabla ya malipo, mkulima atadai haki yake kwa ushahidi gani? Ndiyo sababu mafundi huziunga diski kadhaa zifanye kazi pamoja. Mpango huo ulielezwa mwaka 1988 na wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani: Patterson, Gibson na Katz.

Sasa chukueni chaki. Tuna madaftari matatu. La Musoma limeandikwa 7. La Bunda limeandikwa 5. La Butiama limeandikwa jumla yake, yaani 12. Daftari la Bunda limeungua. Je, hesabu yake imepotea? La. Katika 12 toeni 7, mtapata 5. Diski nazo hurudisha hesabu iliyopotea kwa njia inayofanana na hiyo. Lakini yakiungua madaftari mawili, la Butiama peke yake halitoshi.

Basi, diski moja ikifa, msifanye pupa.

Kwanza, acheni kuandika chochote katika kompyuta hiyo. Ikiwauliza kama ianze upya, kataeni.

Pili, kabla ya kuzitoa diski, ziandikeni namba kwa mpangilio wake: 1, 2, 3.

Tatu, fundi anakili kwanza kila diski nzima, kisha ajaribu kurudisha hesabu kwa kutumia nakala, si diski zenyewe.

Nne, diski ikigonga-gonga, izimeni. Msiifungue. Vumbi kidogo tu laweza kuiharibu kabisa.

Tena kumbukeni: mtu akifuta hesabu kwa makosa, hufutika katika diski zote pamoja. Kwa hiyo kompyuta ikiwa Bunda, nakala na iwekwe Musoma. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: daftari moja halitoshi.

Maswali ya darasa:
1. Daftari la Musoma limepotea. La Bunda lina 9, na jumla ni 15. La Musoma lilikuwa na ngapi?
2. Kwa nini nakala iwekwe mahali pengine?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.