MEZA YA MWENYEJI NA DHAMIRI YA MGENI
(Mada iliyotolewa kwa waamini wanaoishi Wambaa, Pemba)



Wengi wetu tuliokusanyika hapa Wambaa tu wageni kisiwani Pemba. Tumetoka bara kwa ajili ya kazi. Wenyeji wetu ni Waislamu, nao wametupokea kwa ukarimu. Mtu hawezi kuishi ugenini bila kuketi mezani pa wenyeji, na pengine huwekewa asichokizoea. Leo tunatafakari juu ya chakula kimoja kinachosumbua dhamiri, yaani nyama ya kasa.

1. Maandiko yatufundisha nini?

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Bwana Yesu anawaagiza wale aliowatuma wale chakula watakachoandaliwa. Agizo hilo linatukataza kiburi. Mla senene asimcheke mla pweza, wala mla pweza asimcheke mla senene. Lakini Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8, yu tayari kuacha nyama kabisa kuliko kumkwaza ndugu. Basi Mkristo aliye mezani ana maswali mawili: Je, tunamheshimu anayetupa? Na je, chakula hiki kinamdhuru nani?

2. Kasa anamgharimu nani?

Katika fukwe za Misali, kisiwa kilichowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, kasa na ng'amba hupanda kutaga mayai. Kasa huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na katika watoto wengi wanaoanguliwa ni wachache mno wanaofikia umri huo. Jike akichinjwa, pengo lake halizibwi upesi. Ndiyo maana sheria inakataza kumvua.

Wanadamu nao wamelipa. Mnamo Novemba 2021 watu 7 walifariki Pemba kwa kula nyama ya kasa. Mnamo Machi 2024, katika Kisiwa Panza, wilaya hii hii ya Mkoani, walifariki watoto 8 na mtu mzima 1, na wengine 78 walilazwa hospitali. Si kila kasa ana sumu, lakini aliye nayo hatambulikani kwa macho. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika, wala haina dawa ya kuitangua. Wanaoathirika zaidi ni watoto.

3. Haki inadai nini?

Tusiharakishe kumhukumu mvuvi. Kasa hunasa katika jarife lililotegwa kwa ajili ya papa na taa, hulichana, na maskini yule huiona nyama kuwa fidia ya hasara yake. Je, mgeni mwenye mshahara anayeagiza kasa ili tu aonje na kwenda kusimulia kwao, ana udhuru gani? Yeye hana njaa. Fedha yake ndiyo inayomfundisha mvuvi kwamba kasa ana soko. Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba uharibifu wa viumbe na mateso ya maskini havitenganiki.

4. Tukatae kwa namna gani?

Tukiwekewa kasa, tushukuru, tule wali na vinginevyo vilivyopo, tusimwaibishe mwenye nyumba mbele ya wanawe. Lakini watoto wanapotaka kula, adabu isiwe sababu ya kunyamaza. Tumwite mwenyeji kando, tumkumbushe ya Panza. Kumwacha mtoto ale sumu kwa kuogopa kumuudhi baba yake si heshima.

Wala tusidhani kwamba tunaleta jambo geni. Mapokeo ya hapa husema kwamba Nabii Khidhri alikifanya Misali msala wake wa kusalia, na mafundisho ya Kurani yametumika kuwahimiza wavuvi wa huko waitunze bahari. Katika jambo hili tunaweza kusimama bega kwa bega na mashehe.

Na sisi tujichunguze. Anayemtaka jirani aache kasa, huku yeye akila hadharani mchana wa Ramadhani, au akileta nyama ya nguruwe na pombe mlangoni pa mwenzake, hatasikilizwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ujio wetu Pemba uwe wa kuponya.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni vyakula gani vyetu vinavyowakwaza majirani zetu, nasi tufanye nini?
2. Tutamsaidiaje mvuvi aliyechaniwa jarife ili asilazimike kuuza kasa?
3. Nani kati yetu azungumze na wazee wa kijiji juu ya usalama wa watoto, na lini?

Mungu awabariki.