Heshima ya Kazi




Mada yetu ni heshima ya kazi, nasi tunaielekeza hasa kwa vijana.

Wako vijana wengi waliohitimu masomo nao wangali wanangoja kazi ya ofisini. Kungoja si kosa. Kosa ni kuona aibu kushika jembe au msumeno wakati wa kungoja, ilhali chakula cha nyumbani chanunuliwa kwa fedha ya mama aliyeamka alfajiri kukaanga maandazi. Kijana huyo haoni aibu kula jasho la mama yake, bali aona aibu kutoa jasho lake mwenyewe!

Tuwatazame Manabii. Nabii Daudi a.s. alikuwa mfalme, hata hivyo Mtume Muhammad s.a.w. ametufahamisha ya kuwa alikula kwa kazi ya mikono yake. Nabii Zakaria a.s. alikuwa seremala. Mtume wetu mwenyewe aliwachungia watu wa Makka mifugo yao kwa ujira, na mwaka 627, adui walipoijia Madina, alibeba udongo wa handaki pamoja na masahaba. Aidha ametufundisha kuwa heri mtu achukue kamba, abebe kuni mgongoni akauze, kuliko kuwaomba watu.

Kwa kuifuata njia hiyo, Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., Khalifa wa Pili, alipoanzisha Tahrik-i-Jadid mwaka 1934, aliitaka Jumuiya izoee kazi ya mikono, na asiye na kazi asidharau kazi ndogo. Khuddamul Ahmadiyya, chama cha vijana kilichoundwa mwaka 1938, kikaifanya Waqar-i-Amal, yaani heshima ya kazi, kuwa desturi yake: msomi na mkulima hushika koleo pamoja.

Lakini heshima haiji kwa kushika chombo tu. Katika Sura Saba twasoma kwamba Mungu alimlainishia Daudi chuma, akamwamuru atengeneze deraya na kupima sawasawa viungo vyake. Kwa nini apime? Kwa kuwa kiungo kimoja kikilegea mshale hupenya, na anayeumia ni yule aliyemwamini fundi.

Vivyo hivyo kwa mfyatua matofali anayepunja saruji. Siku ya kuuza, tofali lake hufanana na la mwaminifu. Tofauti hudhihirika ukuta upatapo nyufa, na mwenye nyumba, pengine mjane, amekwisha maliza akiba yake. Fundi mwaminifu hupita mbele ya nyumba aliyoijenga baada ya miaka mingi bila kugeuza uso. Furaha hiyo haimo katika ujira, wala hakuna tajiri awezaye kuikata. Nayo si kiburi, bali ni shukrani kwa Yule aliyempa mikono na maarifa.

Basi tuazimie haya: asiye na kazi aanze na iliyo halali iliyo karibu naye, mwenye kazi aitimize kama amana, na sisi wazazi tusimdharau mchumba wa binti zetu kwa sababu viganja vyake vina sugu.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yetu, na atulinde na riziki ya haramu. Amin.