Kupeleka Pikipiki Ruangwa kwa Lori

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Fungueni madaftari, mshike kalamu, na aliye karibu na redio aongeze sauti kidogo ili wenzetu walio nyuma wasikie. Leo tutajifunza jinsi ya kusafirisha pikipiki bila kuiendesha, na kazi ya kusoma na kuandika katika safari hiyo.

Tuseme ndugu mmoja wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, ameuza ufuta wake. Amekwenda Dar es Salaam na kununua pikipiki iliyotumika, ili aje kufanya kazi ya bodaboda. Pikipiki hiyo ni kama shamba lake la pili. Ada za watoto na dawa za mama yake zitatoka humo. Je, ataifikishaje nyumbani salama?

Akitaka kuiendesha, ajue kwamba safari ni ya zaidi ya kilometa 500. Atapita Mbagala, Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, Somanga, Nangurukuru na Lindi. Kisha Mingoyo, Nanganga, ndipo afike Ruangwa. Huo ni mwendo mrefu kwa pikipiki ndogo katikati ya mabasi na malori, na usiku unaweza kumkuta porini. Gari moshi nalo halipo. Wazee wanaikumbuka reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mpango ule ulishindwa, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikaondolewa. Basi, limebaki lori.

Sikilizeni sasa mambo manne.

Jambo la kwanza: kuitayarisha pikipiki.

Toa petroli yote katika tangi. Petroli hutoa mvuke, na mvuke ukikutana na cheche ya moto huwaka ghafula. Kwa hiyo itoe mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, uiweke katika chombo chenye mfuniko. Usiiache ndani kwa kusema, “Ni kidogo tu.” Tangi lenye mafuta kidogo lina mvuke mwingi. Kisha fungua waya wa betri, ule wa hasi kwanza. Vua vioo vya pembeni, uvifunge katika nguo. Vikipotea, vitanunuliwa kwa fedha yako.

Jambo la pili: kuipakia na kuifunga.

Pikipiki nyingi za bodaboda zina uzito wa zaidi ya kilo 100. Mtu mmoja asiibebe. Tumieni ubao mnene, watu wawili waisukume na wengine waishike pande zote mbili. Isimame wima. Ikilazwa, oili na maji ya betri huweza kuvuja. Gurudumu la mbele liegemee ukuta wa lori, usukani unyooke, na gia ya kwanza iingizwe ili isirudi nyuma.

Funga kamba nne: mbili mbele na mbili nyuma, kila moja ivute upande wake. Kamba za mbele zivute kuelekea chini mpaka shokapu zishuke kidogo. Usifunge kwenye taa, wala kwenye bomba la moshi. Kamba inapogusa rangi, weka kitambaa. Mwisho, mwombe utingo akaze kamba tena baada ya mwendo wa saa moja, maana mtikisiko wa njia huzilegeza.

Jambo la tatu, ndilo kubwa kuliko yote: karatasi.

Wakulima wa Ruangwa na Nachingwea, jambo hili mnalijua. Mkipeleka korosho au ufuta katika chama cha msingi, mzigo hupimwa, nanyi hupewa stakabadhi. Hakuna mkulima mwenye akili anayeacha magunia yake ghalani akaondoka mikono mitupu. Angesema nini siku ya malipo? Mbona basi mtu huyo huyo anamkabidhi dereva pikipiki yake, anatoa nauli, halafu anaondoka na neno moja tu, “Usijali”?

Neno hupotea njiani, karatasi hubaki. Nendeni kwa karani wa mizigo, mtake stakabadhi iandikwe mbele yenu. Haya, andikeni nami polepole:

“Nimepokea pikipiki moja. Namba yake MC ……… Namba ya chesisi ……… Namba ya injini ……… Rangi nyekundu. Hali yake: taa ya nyuma imepasuka, tangi lina mkwaruzo upande wa kulia. Haina petroli. Vioo viwili vimefungwa katika nguo. Thamani shilingi ……… Inatoka Dar es Salaam, inakwenda Ruangwa. Namba ya gari ……… Simu ya dereva ……… Tarehe ……… Sahihi ………”

Mnaona? Tumeandika hata mkwaruzo. Ubovu wa zamani ukiandikwa, ubovu mpya hujulikana. Kama una simu yenye kamera, piga picha pande zote nne.

Tena, soma maandishi madogo yaliyo chini ya stakabadhi. Huenda yakasema kwamba mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenye mali. Maana yake, ukiharibika, mwenye gari anaweza kukataa kulipa. Ukiyaona maneno hayo, uliza kabla ya kutia sahihi: “Je, mzigo una bima? Nani atalipa?” Jibu lisipokuridhisha, tafuta gari jingine. Kuuliza si ugomvi.

Na kadi ya pikipiki, ile ya Mamlaka ya Mapato? Baki nayo mwenyewe, pamoja na hati ya mauziano na ufunguo. Mpe dereva nakala za kadi na za hati hiyo, ili askari wakimsimamisha aonyeshe kwamba mali si ya wizi.

Jambo la nne: kuipokea.

Mzigo unaweza kuchelewa. Mwezi Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara hii upande wa Somanga, magari yakakwama. Ndiyo maana tuliandika simu ya dereva. Ndiyo maana pia pikipiki ifunikwe turubai.

Ikifika Ruangwa, watakuambia, “Tia sahihi hapa upesi, gari linaondoka.” Usikubali haraka hiyo. Kwanza linganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi. Tazama taa, tangi, magurudumu na breki. Ukikuta ubovu mpya, uandike juu ya karatasi yao, ndipo utie sahihi. Ukitia sahihi kwanza, umekiri kwamba umepokea mali nzima. Na mzigo ukipotea, stakabadhi yako ndiyo itakayokusemea ofisini kwao, na hata polisi.

Kabla ya kuiwasha, pima oili, rudisha waya wa betri, tia petroli, jaribu breki. Kisha panda, uvae kofia ngumu.

Maneno ya kujifunza leo:

Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba mali au fedha imepokewa.
Thamani: bei ambayo kitu kinastahili.
Nakala: karatasi iliyotolewa mfano wa nyingine.
Bima: mpango wa kulipwa hasara kwa ada uliyotoa kabla.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini tunatoa petroli yote?
2. Kwa nini tunaandika mkwaruzo wa zamani?
3. Tuseme nauli ya mzigo ni shilingi 70,000, wapakizi shilingi 8,000, kamba shilingi 6,000. Jumla ni ngapi?
4. Andika stakabadhi ya baiskeli inayotoka Nachingwea kwenda Lindi.

Ndugu wanafunzi, aliyejua kusoma mwaka huu amsaidie jirani ambaye bado. Siku jirani huyo akipakia mzigo wake, mkae pamoja, mwandike pamoja. Kwa herini, mpaka somo lijalo.