Ploti Inayotukimbia

(Haya ni maneno ya mjumbe wa kamati ya tawi aliyoyasema katika mkutano wa wanachama siku ya Jumapili. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa katika zamu.)



Mwenyekiti amenipa nusu saa na amenionya nisiipite. Nimeambiwa niseme habari ya nyumba. Najua wengi wenu mmekuja kwa sababu ya zile ekari tano za upande wa barabara ya Kangundo, na mnataka kusikia kama pesa zitolewe au zisitolewe. Nitafika huko. Lakini kwanza nataka mjue ni mtu gani mliyemtuma kuitazama ardhi hiyo, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nimeumwa.

Mwaka 2009 nilikuwa na shilingi 180,000. Nilizipata kwa kazi ya ziada ya usiku na kwa kutokwenda nyumbani Krismasi mbili. Ploti ya futi 50 kwa 100 nje kabisa ya Ruiru ilikuwa shilingi 250,000. Nikamwambia mwenye shamba aningoje mwaka mmoja, naye akasema hewala, njoo wakati wowote. Mwisho wa mwaka 2010 nikarudi na 260,000 mfukoni, nimevaa koti langu la harusi. Nikaambiwa ploti ile ile sasa ni 400,000. Nikatazama huku na huku nione kilichoongezwa. Hapakuwa na maji, wala umeme, wala njia ya gari. Kitu kipya kilikuwa kule mbali, tingatinga zikipanua barabara ya Thika. Basi nikarudi kazini. Mwaka 2012 barabara ilipofunguliwa nilikuwa na 420,000, na bei ilikuwa 900,000. Siku hiyo mke wangu aliniuliza, "Baba Mwende, wewe unanunua ploti au unaifukuza?"

Hebu fanyeni hesabu pamoja nami. Kila mwaka niliweka shilingi 80,000, na ilinibidi niamke saa kumi za usiku kuzipata. Ploti nayo kila mwaka iliongeza zaidi ya 200,000, na yenyewe ilikuwa imelala tu pale juani. Mtu wa mshahara akishindana na ardhi iliyo kando ya barabara mpya, atashindwaje kushindwa?

Mwaka 2015 nilipita pale nikakuta ploti ile imezungushiwa waya na lango la chuma. Nyumba hakuna. Mwaka jana nimepita tena, na hata sasa ni majani na lile lango. Jambo hilo ndilo linalonikera kuliko bei yenyewe. Aliyeinunua hakutaka pa kulala, pa kulala anapo. Alitaka mahali pa kuweka pesa zake zikue, kama vile wengine wanavyoweka ng'ombe. Nami nilikuwa naingia katika mnada mmoja na mtu huyo, yeye akinunua faida na mimi nikitafuta kitanda cha watoto wangu. Dalali hajali tofauti hiyo. Bei ni moja kwa wote wawili.

Wazee waliokaa hapa mbele watasema zamani haikuwa hivi. Ni kweli, lakini tusiisifu zamani kupita kiasi. Watu wa reli walikaa Muthurwa na Makongeni, na watu wa manispaa walikaa Kaloleni, Ziwani na Bahati. Kodi ilikuwa ndogo, lakini chumba kilikuwa cha kazi. Siku kazi ilipokwisha na chumba kilikwisha, na mzee aliyetumika miaka thelathini alirudi kwao na sanduku moja. Kisha katika miaka ya 1970 zikajengwa nyumba za kuuzwa, kama Buruburu na Umoja. Umoja ilikusudiwa watu wa kipato kidogo. Nendeni leo mkatazame yale magorofa ya kupangisha yanayogusana madirisha, mseme kama hayo ndiyo yaliyokusudiwa.

Sasa kuna wanaosema, kwa nini uhangaike na ploti, nenda benki ukope ununue nyumba iliyokwisha jengwa. Nilikwenda. Sitasema benki gani. Kijana mmoja mwenye adabu sana alinikalisha kitini akanipa maji. Tuseme nyumba ni ndogo, ukope shilingi milioni 3, riba iwe asilimia 14, miaka iwe 20. Kila mwezi utalipa zaidi ya shilingi 37,000. Ukimaliza utakuwa umelipa karibu milioni 9. Ndugu zangu, unanunua nyumba moja na unalipa tatu, na hizo mbili huzioni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Mtu wa shilingi 40,000 hawezi kukatwa zaidi ya 26,667, hata kama angekubali kula ugali mkavu. Kweli, mwaka 2018 iliundwa kampuni ya kuzikopesha benki na vyama vya akiba ili mkopo wa nyumba ushuke chini ya asilimia 10. Hiyo ni nafuu, siikatai. Lakini weka asilimia 9 na nusu kwa zile zile milioni 3, utapata karibu 28,000 kwa mwezi. Bado umepita mpaka wa sheria, na hapo hatujahesabu bima wala kodi ya mapato. Ndiyo sababu nchi nzima, mwaka 2023, ilikuwa na mikopo ya nyumba ya benki kama 30,000 hivi, katika taifa la watu zaidi ya milioni 50. Yule kijana alinisindikiza mpaka mlangoni. Maji yalikuwa ya baridi.

Mtaniuliza habari ya ushuru wa nyumba. Ulianza mwaka 2023, Mahakama Kuu ikasema mnamo Novemba mwaka huo kwamba haukufuata Katiba, kisha Machi 2024 ikaja sheria mpya na makato yakaendelea. Asilimia moja na nusu kutoka kwako na kiasi hicho hicho kutoka kwa tajiri. Kwa mshahara wa 40,000 ni shilingi 600 zako na 600 zake. Nasema wazi kwa sababu nimesikia watu wakidanganyana chooni: hiyo si akiba yako. Huwezi kwenda siku moja ukasema nipeni zangu, wala kukatwa peke yake hakukupi ufunguo. Ukitaka nyumba hizo za serikali lazima ujiandikishe na uweke arbuni yako mwenyewe, mbali na makato. Wenye moyo wajiandikishe, mimi mwenyewe nimejiandikisha. Lakini asiache mtu kuweka akiba kwa kudhani karatasi ya mshahara inamwekea.

Basi tuje kwenye ekari tano.

Tulikwenda watatu, mimi, mweka hazina, na mama wa idara ya kufunga mizigo ambaye ana macho makali kutupita sote. Dalali alitungoja stendi na gari. Ardhi ni nzuri, sitaki kuwaficha. Ni tambarare, udongo si ule mweusi mbaya wa kupasua kuta, na jioni kuna upepo. Nilisimama pale nikaona nyumba yangu, naapa, nikaona hata mahali pa tangi la maji. Dalali akasema kuna watu wa ofisi fulani wanakuja kesho na hundi, na kuanzia tarehe mosi bei inapanda kwa elfu mia moja kila ploti. Mimi niliyefukuza ploti miaka mitatu, niliposikia "inapanda" moyo ulianza kwenda mbio na mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Kama ningekuwa peke yangu ningelipa. Nawaambia haya ili mjue kwamba hata mwenye kovu hashindi hofu hiyo kwa urahisi, na madalali wanaijua kuliko sisi.

Aliyetuokoa ni yule mama. Aliomba mchoro. Mchoro unaonyesha ploti 64, kila moja futi 50 kwa 100, kwa sababu wanachama 64 ndio waliojiandikisha. Akakaa juu ya jiwe akaandika nyuma ya tikiti ya basi. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ekari tano ni 217,800. Ploti moja ni 5,000. Hata msipoacha njia ya miguu, hata mkikanyagana, hamwezi kutoa ploti 44 pale, sembuse 64. Akamwuliza dalali, "Mwanangu, hawa watu ishirini na mmoja watajenga juu ya nani?" Dalali akasema mpima atarekebisha.

Tulipokuwa tukingoja gari la kurudi, tulikunywa chai kwa mwanamke mmoja mwenye kibanda. Akatuuliza kama na sisi ni wa ile ardhi. Tukasema ndiyo. Akasema ninyi ni kundi la tatu mwezi huu.

Kesho yake tulimpa wakili wetu namba ya hati, akaenda kupekua daftari la ardhi, yale wanayoita sachi. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli tuliyotumia. Hati ipo, na jina la mwenye shamba ndilo. Lakini imeandikwa pia kwamba ardhi hiyo imewekwa rehani benki. Maana yake, mkitoa arbuni na mwenye shamba asilipe deni lake, benki inaweza kuiuza, nanyi mtabaki na risiti. Tena ni ardhi ya kilimo, haijagawanywa. Bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi ya sehemu ile, mauzo hayo ni bure mbele ya sheria. Hati 64 tulizoahidiwa ndani ya siku tisini hazipo popote isipokuwa mdomoni mwa dalali.

Ndugu mmoja alisimama Jumapili iliyopita akasema tunaogopa sana, mradi mtu ana karatasi yuko salama. Nataka kumjibu kwa heshima. Novemba 2011 kule Syokimau watu walioishi katika nyumba zao walibomolewa, na wengi walikuwa na karatasi. Oktoba 2023 ikawa hivyo Athi River, kwenye ardhi ya kiwanda cha saruji. Watu wale hawakuwa wajinga, walikuwa na haraka na walinunua penye bei waliyoiweza. Na mwaka huo huo wa 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ploti moja ya ufuoni Mombasa, ilisema kwamba hati peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi yenyewe ilitolewa tangu mwanzo bila kufuata sheria. Kwa hiyo hata sachi haimalizi kazi. Lazima wakili arudi nyuma aulize ardhi ilitoka kwa nani, na huyo aliipataje.

Shauri langu, na mweka hazina na yule mama wanakubaliana nami, ni kwamba zile shilingi 3,200,000, yaani elfu hamsini za kila mmoja wetu, zikae palepale katika chama cha akiba na mikopo. Tarehe mosi ipite. Mwenye shamba akiondoa rehani, akapata idhini, na akaleta mchoro wa mpima mwenye leseni, tutazungumza naye, na bei tutaisikia siku hiyo. Huenda ikawa imepanda. Nalijua jambo hilo na linaniuma kama linavyowauma ninyi.

Lipo na jambo la pili, na hili liko mikononi mwetu zaidi kuliko ardhi ya watu. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira kinamtaka tajiri ampe mfanya kazi nyumba inayofaa, au pesa za kutosha kupanga, juu ya mshahara wake. Posho yetu ya nyumba haikuguswa katika mkataba uliopita. Tulibishana juu ya buti na sabuni, tukaisahau. Wakati huo kodi ya chumba changu imepanda mara mbili. Kila shilingi inayopungua pale inatoka katika akiba ya ploti. Mazungumzo ya mkataba mpya yako karibu, na naomba kila mmoja aandike kodi anayolipa, mtaa anaokaa, na tarehe iliyopandishwa mara ya mwisho, amkabidhi mjumbe wa idara yake kabla ya mwisho wa juma. Wajumbe hawawezi kwenda mezani na malalamiko matupu.

Mwenyekiti anatazama saa. Karatasi ya msajili wa ardhi iko mezani kwa karani, pamoja na mchoro wa dalali na ile tikiti ya basi yenye hesabu. Naomba zipitishwe mkono kwa mkono mpaka safu ya nyuma, kisha ndipo kura ipigwe.