Makuta ya raia iko na mwendo wake: tujifunze kuufuata
(Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa komini za Lubumbashi)



Tuko hapa juu ya swali moja. Makuta inayotoka kwa kodi yetu, kwa migodi yetu na kwa madeni ambayo siye na watoto wetu tutalipa, inaenda wapi, na inaenda kwa mwendo gani? Ile nusu ya kwanza ya swali tunaiuliza kila siku, ndani ya taksi, sokoni, kwa mlango wa shule. Nusu ya pili, ile ya mwendo, hatuiulizi. Na paka pale ndipo wanatushinda.

Angalieni vile tunafanya. Tunaona darasa halina paa, tunapiga picha, tunatuma kwa WhatsApp. Watu wanakasirika siku mbili. Siku ya tatu kuna mpira ao wimbo mupya, tumesahau. Mwenye kampuni anajua vile tuko. Ofisi iliyosaini mkataba nayo inajua. Wanangoja tu siku mbili zipite. Lakini mtu akiwa na karatasi inayoonyesha miezi 12 ya shantie ile ile, tarehe kwa tarehe, na makuta iliyotoka pembeni yake, hapo kungoja hakusaidii tena.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu, ule wa Sicomines, Kolwezi. Mkataba ulisainiwa 2008: shaba na kobalti upande mmoja, barabara, hospitali na kazi zingine za leta upande wa pili. Kwa kazi hizo waliahidi dola miliari 3. Mwanzo wa 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha, ule tunaita IGF, ulitoa ripoti: kwa kazi hizo, makuta iliyokuwa imetoka ni dola milioni 822. Wengi walisoma namba ile, wakasema “wametuibia”, wakapita. Siye tunasema: shika kalamu. Milioni 822 gawanya kwa miaka 15, unapata karibu milioni 55 kwa mwaka. Kwa mwendo ule, kumaliza miliari 3 kungehitaji karibu miaka 55. Mtoto aliyezaliwa siku ya kusaini angeona barabara ya mwisho akiwa mzee mwenye wajukuu. Namba ile haikuhitaji kungoja ripoti ya 2023. Kama kila mwaka mtu angeiandika wazi mbele ya watu, mwaka wa tano tayari tungejua kwamba gari haifiki.

Mwezi wa tatu 2024 mkataba ukasainiwa upya. Sasa wanaongea dola miliari 7 kwa kazi hizo, milioni 324 kila mwaka mpaka 2040, lakini na sharti: bei ya shaba ibaki juu ya dola 8,000 kwa tani. Basi kazi yetu imeshaandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Kila mwisho wa mwaka, maswali matatu: bei ya shaba ilikuwa ngapi? Ile milioni 324 ilitoka yote? Ilijenga nini, na wapi? Mwaka moja haisemi mengi. Miaka mitatu mfululizo inasema.

Mfano wa pili ni maji. Mwaka 2021 leta ilisaini mkataba wa vituo 1,000 vya kuchimba na kusafisha maji, ndani ya sehemu 1,000 za nchi, kwa karibu dola milioni 400. Kelele ilipanda 2024. Ni nini iliamsha watu? Ni hesabu ya shule ya msingi: milioni 400 gawanya kwa 1,000, ni dola 400,000 kwa kituo kimoja. Watu wa mashirika walioshika hesabu ile hawakuhitaji siri yoyote kutoka kwa waziri. Walichukua bei yote, wakagawanya kwa idadi ya vitu, wakaweka mbele ya raia, halafu watu wakaanza kuhesabu vituo vilivyo kweli kwenye udongo. Bei ya kitu kimoja, ndiyo namba ya kwanza ya kutafuta kwa kila mkataba. Bei ya darasa moja. Bei ya kilometa moja. Bei ya taa moja ya barabarani.

Mfano wa tatu ni Bukanga Lonzo, ile shamba kubwa ya Kwango, hektari 80,000. Ilifunguliwa 2014, ikasimama 2017. Ripoti ya IGF ilikuja 2020: dola milioni 285 zilitoka, na zaidi ya milioni 200 hazikuonekana zilifanya nini. Hukumu ya Mahakama ya Katiba ilikuja 2025, ikampa waziri mkuu wa zamani miaka 10 ya kazi ya nguvu, naye anakana makosa yale. Tazameni tarehe: 2014, 2017, 2020, 2025. Miaka 11 kutoka kufungua mpaka hukumu! Na mahindi iko wapi? Mahakama ni lazima, lakini mahakama inafika wakati chakula kimeshaoza. Anayefuata mwendo anafika wakati shantie ingali wazi, wakati malipo ya pili haijatoka, wakati bado mtu anaweza kusema: simameni kwanza.

Na tuna somo lingine, ile Programu ya siku 100 ya 2019. Kesi kubwa ilifunguliwa, nyumba 1,500 zilikuwa ndani yake. Nchi nzima iliangalia televizio. Mwaka 2020 hukumu ya kifungo, mwaka 2022 mahakama ikasema mshtakiwa mkuu hana kosa. Wengine wakashangilia, wengine wakalia, kila mtu na chama chake. Lakini nani leo anaandika hesabu ya zile nyumba? Wandugu, siye hatufuate mtu, tufuate kitu. Mtu anafungwa, anaachiliwa, anarudi na cheo. Nyumba iko ao haiko. Darasa lina paa ao halina.

Sasa, tuangalie nini? Kuna alama tano, na yoyote mwenye simu na kitabu cha kuandika anaweza kuzifuata.

Ya kwanza: malipo ya mwanzo ni ngapi, na kazi imefika wapi siku ile. Kama nusu ya makuta imetoka na msingi wa nyumba hauonekani, andika.

Ya pili: tarehe ya mwisho imesogezwa mara ngapi. Kuchelewa mara moja inaweza kuwa mvua. Mara nne si mvua.

Ya tatu: bei imepandishwa na nyongeza za mkataba mara ngapi, na juu ya nini.

Ya nne: kampuni ilipatikana kwa shindano, ao kwa ule mtindo wa gré à gré, wa kupatana wawili tu ofisini. Sheria ya masoko ya leta ya 2010 inasema shindano ndiyo kanuni. Gré à gré inaruhusiwa, lakini kwa hali za pekee tu. Kama kwa komini yako “hali ya pekee” inarudi kila mwezi, basi si ya pekee tena.

Ya tano: jina gani linarudi. Kampuni ile ile, shantie tatu hazijamalizika, na inapewa ya nne.

Alama moja peke yake inaweza kuwa na sababu nzuri. Ila tano zikienda pamoja, mwezi kwa mwezi, huo sasa ni mwendo, na mwendo unaongea.

Wapi tuanzie? Karibu na nyumba. Kodi ya mgodi ya mwaka 2018, ile ya Code minier mupya, inagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa leta ya Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa komini ao chefferie ambako madini inachimbwa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 iko kwa mlango wetu. Burugumestre anaipokea. Je, mwaka huu alipokea ngapi? Aliandika nini ndani ya bajeti ya komini? Hiyo si siri ya jeshi, ni bajeti ya mtaa.

Kisha ile programu ya territoire 145. Leta ilitangaza karibu dola miliari 1.66, na kwa sehemu ya kwanza masomo 1,210, vituo vya afya 788 na majengo 145 ya uongozi. Kazi iligawanywa kwa mikono mitatu: PNUD ilichukua territoire 54, BCECO 49, CFEF 42. Siye tunakaa mjini, ni kweli. Lakini nani hapa hana shangazi Kasenga, babu Pweto, rafiki Mitwaba, Kambove, Sakania ao Kipushi? Kila mmoja wetu yuko na namba ya mtu kule. Mpigie tarehe moja ya kila mwezi: “Ile shule imefika wapi? Nitumie picha, pale pale uliposimama mara ile ya kwanza.” Picha ya pahali pamoja, kila mwezi. Kwa miezi sita hata mtoto ataelewa kama ukuta unapanda ao haupandi.

Watatuuliza: nyinyi ni nani? Jibu liko ndani ya Katiba. Kifungo cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungo cha 27 kinasema kila Mkongomani, peke yake ao na wenzake, anaweza kuandikia mkubwa wa leta barua ya madai, na mkubwa yule anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Wangapi kati yetu wamewahi kuitumia? Na kwa mikataba ya madini, mafuta na miti kuna dekre ya mwezi wa tano 2011: mkataba unapaswa kutangazwa ndani ya siku 60 baada ya kuanza kazi. Basi tuandike, tuchukue alama ya kupokelewa kwa kopi yetu, tuanze kuhesabu siku. Kunyamaza kwa ofisi nako kunaingia kwa karatasi: tuliandika tarehe hii, miezi mitatu imepita, hakuna jibu. Hiyo pia ni mwendo.

Neno juu ya usalama, na tunaliomba kwa nguvu. Munajua vile kijana anaweza kushikwa hapa kwetu juu ya sentensi moja. Wanaita “imputations dommageables”, kuharibu jina la mtu, halafu unalala gerezani ukingoja mwanasheria. Kwa hiyo usiandike “fulani ameiba”. Hiyo ni kazi ya jaji. Andika: “Tarehe 3, saa nne asubuhi, tulifika, hakukuwa mfanyakazi, ukuta ni wa mistari sita ya matofali, kama mwezi uliopita.” Kile ulichoona na macho, tofautisha na kile uliambiwa. Usiende peke yako, mwende wawili. Usitaje jina la mfanyakazi wa shantie aliyekuongelesha, yule atapoteza mkate wake. Kabla ya kutoa ripoti, peleka kwa kampuni na kwa ofisi, uwape siku za kujibu, na jibu lao uliweke ndani. Na shantie ikienda vizuri, sema pia. Tukiandika mabaya peke yake, watasema tuko wa upinzani, na raia watawasadiki.

Tunaomba nini basi? Ndani ya kila komini, Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba, Annexe na Lubumbashi, vijana watano. Kila kikundi kichague vitu viwili tu: shantie moja na bajeti moja. Karatasi moja yenye mistari sita: bei yote, bei ya kitu kimoja, iliyolipwa, tarehe ya mwisho ya kwanza, tarehe ya mwisho ya sasa, kile macho inaona. Tarehe moja ya kila mwezi, jaza. Baada ya miezi sita tunaweka karatasi zote juu ya meza moja, na ripoti inaenda kwa burugumestre, kwa badepite wa provensi, kwa IGF, kwa Cour des comptes na kwa raia, siku moja, maneno yale yale kwa wote.

Mvua iko karibu. Kuna watoto watasoma chini ya turubai tena, kwa shule ambayo kwenye karatasi ya Kinshasa labda imeshamalizika. Hatuwezi kujenga shule ile na mikono yetu. Lakini kuzuia isihesabiwe kuwa imemalizika, hiyo tunaweza, na hakuna mwingine ataifanya kwa pahali petu.

Tarehe moja inayokuja tunaanza. Leta kalamu, leta na jirani.