Kabla ya Mpira, Tumtafute Mwalimu
Maneno ya Kamati ya Elimu na Michezo siku ya harambee



Tumepewa dakika chache tueleze kwa nini safari hii bajeti ya michezo ina jambo ambalo halikuwamo huko nyuma: fedha za kumsomesha mwalimu wa mpira wa kikapu.

Wengi mnamfahamu Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza mchezo huo akiwa na miaka 15. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote. Tukimtaja, tunataja urefu wake. Mara chache tunamtaja aliyemfundisha kwa miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani: kocha Jim Calhoun.

Calhoun alifiwa na baba akiwa na miaka 15. Aliacha chuo ili asaidie nyumbani, akafanya kazi ya kukata mawe na kazi ya vyuma chakavu. Baadaye alirudi chuoni, akahitimu, akaanza kufundisha sekondari. Msimu mmoja wa mwanzoni timu yake ilishinda mechi 1, ikafungwa 17. Hakukata tamaa. Mwaka 1972 alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, akakaa hapo miaka 14. Connecticut alifika mwaka 1986. Ubingwa wa taifa wa kwanza aliupata mwaka 1999, akauongeza mwaka 2004 na 2011.

Hesabuni wenyewe: tangu aanze kufundisha chuo hadi ubingwa wa kwanza ni miaka 27. Na alianzia shuleni, kwa watoto wa kawaida, bila jina.

Ndugu zetu, hapa tukiri kosa letu. Tuliwahi kuchanga, tukanunua mipira, tukasimamisha magoli, tukapiga picha. Mwalimu pekee aliyeujua mchezo alipohama, mipira ikabaki stoo mpaka ikaisha upepo. Watoto walikuwapo, goli lilikuwapo, mtu wa kuwafundisha hakuwapo. Hatukuwa tumemwandaa mwingine.

Sisi watu wa bwawa tungepaswa kulijua hili mapema. Kabla Mtera haijaanza kuzalisha umeme wake mwaka 1988, kazi ya bwawa letu ilikuwa kutunza maji ya Ruaha ili mitambo ya Kidatu isikaukiwe. Taa ziliwaka mbali, maji yalitunzwa hapa. Kocha ndiye bwawa hilo. Sifa zitakwenda kwa mchezaji, lakini kuna mtu aliyemtunza kwanza.

Kwa hiyo tunaomba mchango wa kuwasomesha ukocha walimu wawili, wa kiume na wa kike, wazaliwa wa hapa wenye nia ya kubaki. Tunaomba pia posho ndogo ya mazoezi ya jioni, na mipira baadaye. Tena tunawaomba subira. Wakifungwa mechi 17, msituulize fedha zimekwenda wapi. Tuulizeni kama bado wanafundisha, na kama watoto bado wanakuja.

Anayetoa elfu tano na anayetoa laki tano wote wataandikwa. Karibuni mezani kwa mweka hazina.